Spika Isiyo na Mgongo

Swali lililoninyima usingizi majuma hayo lilikuwa hili: nimwambie Mwalimu kwamba spika tuliyoitengeneza haina kasoro yoyote, au nibadilishe waya tena?

Mtu mwingine angeliona ni swali dogo. Kwangu lilizaa mengine, na hayo mengine yakazaa. Nikimwambia spika ni nzima, ataniuliza basi shida iko wapi. Jibu nililijua, au nilidhani ninalijua, maana mimi ni mtu wa kufunga mlango kisha kurudi kuusukuma nihakikishe kweli nimeufunga. Shida ilikuwa kwenye masikio yake. Na kwa masikio hayo hayo Mwalimu alikuwa akifundisha kwaya ya kanisa letu tangu kabla sijajua kusoma.

Ningeweza kukaa kimya. Lakini makambi yalikuwa yanakaribia, ile mikutano mikubwa ya kanisa ambapo kwaya za kila upande huja kuimba, na kwaya yetu ilikuwa ikiharibika wimbo baada ya wimbo, kila mtu akiisikia isipokuwa yeye.

Hatukuwahi kumwita kwa jina. Hata mkewe alimwita Mwalimu, na alipostaafu, jina hilo halikustaafu. Ni mrefu, mabega yamepinda kidogo, na kichwa chake hukaa kimeinamia upande mmoja kama mtu anayesikiliza kitu kilicho nyuma ya ukuta. Boma lake limepakana na letu, upande wa chini wa barabara inayotoka Magwagwa, na kati yetu na yeye kuna mistari ya michai na ua wa miti ambao baba yangu na yeye hupunguza pamoja wakibishana nani alikata zaidi upande wa mwenzake. Ni rika moja, walitahiriwa msimu mmoja. Hilo litakuja kunisumbua baadaye.

Alinifundisha Kiswahili na nyimbo katika shule ya msingi, na kwake yalikuwa somo moja. "Kwanza neno, halafu sauti," alikuwa akisema, na alimaanisha. Wimbo mpya haukuimbwa mpaka kila mtoto ausome kama taarifa ya habari. Alikuwa na mtindo wake: anakusimamisha dirishani na kitabu, kisha yeye anatoka nje, anavuka uwanja mpaka mwisho kwenye ua, anakupa mgongo na kukuambia soma. Usipomfikia, unarudia. Nakumbuka nikisoma sentensi moja mpaka koo likauma, naye kule mbali, bila kugeuka, akiinua mkono: "Nimesikia 'atoto'. Hao ni nani? Rudia." Nilipofaulu hakunisifu. Alirudi taratibu, akafuta miguu mlangoni, akasema, "Sasa unaweza kukaa." Nilikaa nikiwa na furaha ambayo shahada ya uhandisi wa umeme haikunipa miaka mingi baadaye.

Besi aliichukia. Mjini Nyamira kuna maduka ambayo huweka spika kubwa mlangoni ili mtu apite akitetemeka. Siku moja aliingia katika duka kama hilo kuuliza spika ya kusaidia televisheni yake, na kijana wa dukani, ili kumfurahisha, akafungulia muziki mpaka vioo vya kabati vikalia. Mwalimu alisubiri.

"Huyu anasema nini?" akauliza.

"Hasemi, mzee, hiyo ni besi."

"Basi nitarudi akianza kusema."

Alinisimulia kisa hicho akiwa upande wake wa ua na mimi upande wangu, siku aliyoniita kwa mara ya kwanza juu ya jambo hili. Nilikuwa nimerudi nyumbani kusubiri kazi. Aliniita Injinia, na sikujua kama ni heshima au utani. Nililala nikiliwaza hilo pia.

"Injinia, njoo unisaidie. Hawa wasomaji wa taarifa siku hizi wanatafuna maneno."

Nyumbani kwake palikuwa na ampu ya zamani, mashine ya kukuza sauti, aliyoachiwa na mwanawe mkubwa, yenye nafasi ya spika tano, naye alikuwa ametumia mbili. Nilimweleza kwamba ipo spika inayokaa katikati, chini ya televisheni, ambayo kazi yake ni maneno: watu wanaposemezana, sauti zao hutokea hapo. Nikamwambia pia jambo nililokuwa nimelisoma kwenye mtandao, kwamba wako watu wanaotengeneza spika kama hiyo wenyewe, bila sanduku.

"Bila sanduku?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ubao mmoja tu umetobolewa, spika zimefungwa hapo, nyuma wazi."

"Kwa nini nyuma wazi?"

Nilimweleza kwamba koni ya spika, ile sehemu inayotetema, ikisukuma hewa mbele, inaivuta nyuma, na ndani ya sanduku ile ya nyuma hugonga mbao na kurudi ikiwa chafu. Bila sanduku inajiendea zake. Ila sauti ya chini, ya besi, huzunguka ukingo wa ubao na kuuana na ile ya mbele, kwa hiyo besi hupotea.

"Hiyo si hasara," alisema. Kisha: "Ni kweli lakini. Mtu haimbi akiwa kabatini."

Tangu siku hiyo wazo lile likawa lake. Ukimsikia akiwaeleza wageni ungedhani alilipata shambani akipalilia.

Ubao ulitoka shuleni. Walipobadilisha mbao za kuandikia madarasani, yeye aliomba moja ya zile za zamani, plaiwudi nene iliyopakwa rangi nyeusi, na ilikuwa imekaa nyuma ya zizi ikisubiri kazi. Tuliukata mrefu na mwembamba ili ukae chini ya televisheni, ingawa niliomba upana zaidi kidogo nikihofia sauti za wanaume zitakosa kifua. Pembeni bado palionekana alama za chaki zilizozama kwenye rangi, mabaki ya hesabu ya kugawanya. Alikataa tuzipake rangi. Spika mbili za koni ya karatasi tulizichagua Kisii, kwenye vibanda wanakouza vifaa vilivyotumika, yeye akigonga kila koni kwa ukucha na kuinamisha kichwa kama daktari. Tulipita nyingi, na muuzaji akaanza kumwambia mwenzake kwamba mzee huyu anatafuta mchumba. Kati ya hizo mbili tukaweka twita ndogo, ile ya sauti za juu, na mimi nikailinda kwa kapasita, kifaa kidogo kinachozuia sauti za chini, ili isiungue.

Nasema "sisi", lakini kwa kweli nilikuwa mtu wa kupima na kupima tena, naye mtu wa kukata. Nikiwa bado nawaza kama tundu likae katikati kabisa au kando kidogo, nilisikia msumeno umeshaanza.

"Mwalimu, sijamaliza kufikiria."

"Utamalizia likiwa limetobolewa."

Spika ilipokaa mahali pake, nyumba iligawanyika. Kwa upande wa mbele spika ilikuwa nzuri. Lakini nyuma ilionyesha kila kitu: sumaku, waya, madoa ya risasi ya kulehemu niliyoyaacha. Tuliisogeza kutoka ukutani, kama inavyotakiwa ili ipumue, na kwa hiyo mgeni aliyeketi kwenye kochi la pembeni aliona mgongo wote. Mgeni wa kwanza, mzee wa kanisa, aliitazama kwa huruma akauliza, "Mbao ziliisha, Mwalimu?"

Mkewe, ambaye mimi humwita Mama, hakulivumilia. Sebule yake imevikwa vitambaa vya kufuma kila mahali: makochi, meza, redio, hata ndoo ya maji ya kunywa ina chake. Nilikwenda siku moja nikakuta spika imevalishwa nyuma kitambaa cheupe chenye maua ya njano, kimebanwa kwa pini za nguo.

"Kitu cha sebuleni hakikai uchi nyuma," aliniambia. "Wewe ni msichana, unaelewa."

Mwalimu alikivua. Ikifika jioni, kimerudi. Akakivua tena. Hawakuwahi kugombana juu yake kwa maneno, ila kitambaa kilivuliwa na kuvalishwa kama bendera. Mtu huyuhuyu, anayechukia majivuno kiasi cha kumnyamazisha mwimbaji anayefumba macho akiimba, alikuwa akimshika mgeni mkono na kumzungusha nyuma ya televisheni aone mgongo wa spika yake.

Alikuwa na mengi ya namna hiyo. Kwa kwaya alikuwa na subira ya kukalisha mtu mchana kutwa juu ya mstari mmoja, na kwa kuku hakuwa na subira hata kidogo. Aliwaambia vijana simu zinaoza akili, na kila asubuhi alituma picha ya mawingu kwa kila mtu aliyekuwa na namba yake. Ijumaa, kabla jua halijatua, alifunga kazi zote kwa ajili ya Sabato, akachomoa pasi yangu ya kulehemu na kuifunga kwenye gazeti kana kwamba ingeweza kujiwasha. Lakini Jumamosi mchana, ibada ikiisha, ungemkuta ameketi mbele ya spika, mikono magotini, akiikagua skrubu moja baada ya nyingine.

"Mwalimu, si Sabato?"

"Kuangalia si kazi."

Nayaandika haya nikicheka, na sikuwa nikicheka wakati huo. Kwa sababu kila mara tulipowasha taarifa ya habari, na mimi nikisikia msomaji kana kwamba ameketi mezani nasi, karibu nisikie akimeza mate, Mwalimu aliinamisha kichwa, akasikiliza, akatikisa.

"Bado anatafuna."

Nikabadilisha kapasita. Bado anatafuna. Nikageuza waya, huenda nilikuwa nimeunganisha moja kinyume. Nikasogeza ubao mbele, kisha nyuma. Nikainua upande wa mbele kwa vipande vya mbao ili uelekee masikio yake. Nikaanza kudhani kasoro ni mimi: kwamba masikio yangu ndiyo yasiyojua sauti safi, kwamba chuo kilinipa cheti kwa makosa, kwamba pengine kuna kitu kila mhandisi hukijua na mimi siku hiyo sikuwa darasani. Nilisoma mpaka macho yakaniuma. Mama akaniambia, siku nikikaza skrubu, "Mimi namsikia vizuri. Lakini mimi nani huniuliza?" Alisema hivyo akiwa hatua chache nyuma ya mumewe, na mumewe hakugeuka. Nilidhani amekasirika.

Ndipo nikaamua kuipima kama tulivyofundishwa. Nilipakua kwenye simu sauti ya kupimia, mlio mmoja unaoanza chini kabisa na kupanda polepole mpaka uwe mwembamba kama mbu. Nilimweleza Mwalimu kwamba mahali mlio utakapofifia, hapo ndipo penye kasoro. Alipenda sana. Aliinua kidole cha shahada kama afanyavyo mbele ya kwaya anapotaka noti ishikiliwe, akafumba macho.

Mlio ukaanza. Chini kabisa haukusikika, besi ilikuwa imeshapotea kama nilivyomwambia. Ukapanda, ukafika kwenye sauti ya mwanamume, ukawa mnene na safi. Ukapanda kwenye sauti ya mwanamke. Kidole kiko juu. Ukapanda zaidi, ukaanza kuwa kama filimbi, na kidole kikashuka taratibu, akafumbua macho.

"Umeona? Imekata hapo."

Haikuwa imekata. Mlio ulikuwa ukipiga chumba chote, mkali kiasi kwamba mbwa aliyelala kizingitini aliinuka akaondoka. Mama akatokea jikoni ameziba sikio moja.

"Zimeni hicho kinachonitoboa kichwa."

Mwalimu alimtazama, akatabasamu, akanigeukia. "Anasema nini?"

Nilizima simu. "Anasema chakula kiko tayari," nilijibu, na Mama akanitazama, nami nikamtazama, na kwa muda huo mfupi nilijua kwamba yeye alijua zamani. Kisha nikasema, "Nitaangalia waya."

Sauti zinazotofautisha neno na neno, s na f na t na k, hukaa huko juu, huko ambako kidole chake kilishuka. Irabu ziko chini. Mtu aliyepoteza huko juu husikia irabu tu zikipita kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Nilijua hayo kutoka darasani. Sikuwa nimewahi kuyaona yameketi kwenye kochi yakinisubiri nirekebishe waya.

Baada ya hapo nilielewa mambo ya kwaya.

Tangu mwanzo wa mwaka Mwalimu alikuwa akiwalaumu waimbaji wa sauti ya kwanza, wale wasichana na akina mama, kwamba wanameza herufi. "S yenu iko wapi? Mnaimba Yeu? Yeu ni nani?" Nao, kwa kuwa ni Mwalimu, waliongeza. Wakaongeza tena. Hakuna aliyemwambia kwamba s ilikuwepo. Walitafuta mahali pa kuizidishia. Mpaka ikafika kwamba kwaya ikisimama Sabato kuimba juu ya Yesu na msalaba na sifa, kanisa zima lilijaa mfyonzo wa s, kama maji yanayomwagika kwenye makaa. Watoto waliketi mbele wakifyonza nao. Watu wa Keroka waliokuja kututembelea walitoka nje mmoja mmoja, mabega yakitetemeka kwa kicheko. Na Mwalimu, akiwa mbele, mkono juu, aliwaashiria: zaidi kidogo.

Ni kosa ambalo lingewezekana kwetu tu. Kwingine mtu angesema. Sisi tuna kitu tunachokiita chinsoni, yaani haya na heshima iliyopo kati ya kizazi cha mzazi na kizazi cha mtoto. Mtu wa rika la baba yako ni baba yako. Huingii chumbani kwake, hutaji mwili wake, humwambii amezeeka, ana mvi, meno yameng'oka, hasikii. Karibu kwaya yote ni ya umri wa watoto wake. Kumwambia "s tunaitamka, wewe huisikii" ni kutaja mwili wake mbele ya watu. Wakaona heri wafyonze.

Karani wa kwaya ni msichana tuliyesoma naye, anaimba sauti ya kwanza. Nilikutana naye Magwagwa siku ya soko, amebeba ndizi.

"Mnaendeleaje na mazoezi?" nilimuuliza.

"Tunachemka kama sufuria ya uji. Jumamosi niliimba mpaka mate yakamfikia mzee wa besi." Alicheka, kisha akaacha. "Wazee wa kanisa wameshakaa kikao juu ya Mwalimu. Makambi yakiisha watampumzisha."

"Kumpumzisha vipi?"

"Kutakuwa na chakula. Atapewa blanketi na maneno mazuri. Watamwambia ametumika vya kutosha."

"Watamwambia sababu?"

Alinitazama kana kwamba nimerudi kutoka chuo bila akili. "Nani amwambie?"

Nilirudi nyumbani na blanketi hilo kichwani. Niliona jinsi litakavyokuwa: ataimbisha makambini, watu wa nchi nzima wakimcheka bila yeye kujua kicheko ni cha nini, kisha atashukuriwa na kuketishwa. Na miaka yote itakayobaki ataamini kwamba kizazi chetu hakina vinywa. Hatajua kamwe kwamba huenda ni nta ya masikioni tu, au kwamba kuna kifaa cha kuvaa, au kwamba angeweza kumweka mtu pembeni yake awe masikio ya sauti za juu na yeye aendelee na mengine anayoyajua. Wangemnyima hata nafasi ya kuamua mwenyewe.

Upande mwingine, nikimwambia na nikawa nimekosea? Nikimwambia na ikawa kweli, lakini hakuna dawa? Nikimwambia akaacha kwaya siku hiyo hiyo, akakaa ndani, akafa kwa huzuni, na mtaani wakasema ni yule msichana wa shahada? Huwa nafika mbali haraka.

Nikamwendea baba. Alikuwa akinoa panga.

"Baba, Mwalimu anasikia?"

"Mimi ananisikia."

"Wewe una sauti nzito."

"Sasa sauti yangu imekuwa kosa?"

Nikamweleza kuhusu mlio na kidole. Alinoa huku akisikiliza. Mwishowe akasema, "Hata kama ni kweli, si wewe wa kusema. Masikio ya mtu ni mwili wake. Leo utaanza na masikio, kesho utamwuliza habari za meno."

"Basi nani aseme?"

"Mjukuu wake. Mjukuu anaweza kumwambia babu chochote, wakacheka."

Ni kweli. Kwetu mjukuu na babu hawana chinsoni, hutaniana hadi watu wazima wakaondoka. "Mjukuu wake yuko Nakuru," nilisema, "na bado hajajua kuongea vizuri."

"Basi angoje akue."

"Wewe ni rika lake, Baba. Mwambie wewe."

Alijaribu makali ya panga kwa kidole gumba. "Nitamwambiaje hasikii, na mimi ananisikia? Atasema nimetumwa." Akainuka. "Na atakuwa amesema kweli."

Siku zilizofuata niliandaa sentensi. Niliiandaa kwa Kiswahili, kwa sababu mambo ya mwili kwetu husemeka zaidi kwa Kiswahili. Hospitalini Kisii hata mama yangu humtajia daktari, kwa Kiswahili, vitu ambavyo kwa Ekegusii, lugha yetu, hangevitaja hata akiwa peke yake shambani. Kiswahili ni kama glovu. Sentensi yenyewe niliipunguza makali mpaka ikawa laini kabisa: Mwalimu, nafikiri ingefaa siku moja tukapitie kwa wale wanaopima usikivu. Niliirudia nikichuma chai. Nikaondoa "nafikiri", nikairudisha.

Nilikwenda Jumapili asubuhi. Kwaya ilikuwa na mazoezi mchana, ya mwisho kabla ya makambi, na nilijua nikingoja yaishe nitapata sababu ya kungoja tena.

Alikuwa amepiga magoti nyuma ya televisheni, kitambaa cha maua ya njano kimewekwa begani, akifungua twita. Taarifa ya asubuhi ilikuwa ikisomwa kwa sauti ya juu kupita kiasi. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mboga za saga.

"Injinia, umekuja wakati mzuri," alisema kwa Ekegusii bila kugeuka. Alikuwa ameona kivuli changu. "Nimegundua. Ni hii ndogo. Hii ndiyo inayotafuna. Tutaitoa tuweke nyingine."

"Mwalimu," nilisema.

Aliendelea kuzungusha bisibisi.

Nikasema sentensi yangu. Niliisema yote, pamoja na "nafikiri", kwa sauti ile ambayo mtu hutumia anapotumaini hatasikika. Ilipoisha nilihisi mwili wote umekuwa mwepesi. Nimesema, niliwaza. Nimeshasema.

Mwalimu aligeuza kichwa, akakiinamisha upande wake ule, uso umejaa upole.

"Umesema nini, mwanangu?"

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa kimya, kwa kufukuzwa. Na sasa nilikuwa nimerudishiwa kila kitu kana kwamba hakuna kilichotokea. Ningeweza kusema: nimesema nitaleta twita nyingine. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni. Angefurahi. Tungeifungua hiyo, tungefunga nyingine, mchana angekwenda kwenye mazoezi, na dhamira yangu ingeweza kuapa kwamba nilimwambia, ila hakusikia.

Jikoni Mama alikuwa ameacha kuchambua. Hakututazama. Alikuwa ameshika jani moja.

Nilikwenda nikazima televisheni. Nikazunguka, nikapiga magoti mbele yake, upande wa pili wa ubao, mahali ambapo angeuona mdomo wangu. Kiswahili nilikiacha. Nikasema kwa Ekegusii, kwa sauti kubwa na nzito niliyoiiga kwa baba, neno moja moja:

"Mwalimu, spika ni nzima. Masikio yako ndiyo hayasikii. S wanaitamka, kwaya yote inaitamka, watu wanawacheka. Mazoezi ya leo yaahirishe. Kesho asubuhi nitakuja kukuchukua, twende Kisii yakapimwe."

Bisibisi ilisimama kwenye skrubu. Aliniangalia kwa muda mrefu, mdomo wangu, kisha macho yangu, kisha mlango wa jikoni aliko mkewe. Na kwa jinsi alivyoangalia huko, nikajua kwamba safari hii amesikia kila neno.